Wazee Walipovishana Hedfoni

Kofi la kwanza nililisikia kwa masikio yote mawili. Nilikuwa mjini, chumbani kwangu Rahaleo, hedfoni kichwani, vidole juu ya kompyuta, na mdogo wangu alikuwa nyumbani kwake, kijijini huko mbele ya Madimba. Kofi likaniingia kichwani kana kwamba nimezabwa mimi. Nikashika shavu. Hata leo nikikumbuka nilivyoshika shavu lile najicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nieleze kwanza hiyo hedfoni, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Kazi yangu ni kusikiliza. Watu wa utafiti huzunguka vijijini wakirekodi wakulima wa korosho na muhogo, kisha hunitumia mimi, nami nayaandika maneno yale kwenye kompyuta, na ya Kimakonde nayageuza Kiswahili. Hedfoni yangu ni moja, ile kubwa yenye mkono wa maiki unaokuja mdomoni, na mwisho wa waya wake kuna pini mbili: ya kijani ya kusikilizia na ya pinki ya kuongelea. Kompyuta yangu ya mapajani ni ya zamani, ina matundu mawili, kwa hiyo pini zinaingia bila ugomvi. Simu ndiyo mkorofi. Ina tundu moja, na spika yake ya sikioni ilikufa siku ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji. Fundi mmoja wa Chuno akaniuzia kiwaya kifupi chenye matundu mawili upande mmoja na pini moja upande wa pili. Basi siku nzima ni kuchomoa huku na kuchomeka kule, simu ikiita naacha kuandika, maongezi yakiisha narudi kwa wakulima wangu. Ningeweza kuongea kwa spika kubwa ya nje, lakini nimepanga nyumba ambayo kuta zake haziendi mpaka juu, na jirani yangu ana tabia ya kujibu maswali ambayo hakuulizwa.

Siku hiyo mdogo wangu alinipigia mchana kuniuliza dawa ya homa ya mtoto ampe kabla ya chakula au baada. Sikuwahi kumjibu. Nikasikia sauti ya mumewe ikiuliza, "Unaongea na nani?" naye akasema, "Na dada." Ndipo kofi lile. Simu ikaanguka chini na haikukatika.

Kazi yangu imenifundisha kutofautisha sauti, na siku ile niliilaani kazi yangu. Kofi hulia lenyewe. Ngumi hailii, kinacholia ni pumzi ya aliyepigwa. Teke nalo lina mlio wake likimkuta mtu keshalala. Nilivisikia vyote, kwa mpangilio huo. Nikasikia kigoda kikipasuka, nikajua kimempasukia yeye. Nilipiga kelele kwenye ile maiki mpaka nikakohoa, nikamwita mwanamume yule kila jina ninalolijua, jirani akaja kugonga mlango akidhani nimevamiwa na mwizi. Kule simu ilikuwa sakafuni na hakuna aliyenisikiliza. Kisha yule bwana akatukana. Hakumtukana mke wake. Alimtukana mama yetu matusi ya nguoni, taratibu, kiungo kwa kiungo, kama mtu anayetaja bidhaa dukani. Mdogo wangu hakulia tena baada ya hapo. Alisema tu, "Basi, baba ntoto, basi," na simu ikakatika.

Nilipanda bodaboda nikamwambia dereva aendeshe kama anafukuzwa na polisi. Nilimkuta mdogo wangu amekaa kizingitini, mdomo wa juu umechanika, mkono umebana ubavu. Nikamuuliza amefanyaje. Akanitazama usoni akasema ameteleza kisimani na ndoo.

"Kisima hicho kinatukana?" nikamwambia. "Nimekusikia mwanzo mpaka mwisho."

Akainamisha kichwa. Alikuwa amewaambia watu habari ya kisima mara nyingi hata ulimi wake ulikuwa unakwenda huko wenyewe. Picha iliyopigwa mjini baadaye ilionyesha mbavu mbili zimevunjika.

Kwetu mume ndiye anayehamia upande wa mke. Yule bwana alikuja kutoka upande wa Nanyamba na begi lake, mama akawapa kipande cha shamba la mikorosho, wakajenga pembeni yake. Unaweza kuuliza mama alikuwa wapi siku zote. Mama alikuwa hatua chache tu, lakini mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani. Mama akimwona mkwewe njiani hujifunika khanga usoni akapita vichakani. Uani kwa mkwe hakanyagi, jina lake halitaji, chakula hawali pamoja. Heshima hiyo ni nzuri sana kama mkwe ni mtu. Kama ni mnyama, inakuwa ukuta wa kumkingia.

Yule bwana alirudi jioni ile, jua bado liko juu, kifua mbele, anapiga mluzi. Ule mluzi ndio ulionimaliza. Mchi ulikuwa umeegemezwa kwenye kinu. Niliuinua kwa mikono miwili nikamshushia begani, mluzi ukakatika, nikamwongeza mwingine mkononi alipojikinga. Nilisikia raha, sitaki kudanganya. Akanipiga teke la tumbo nikaangukia kinu, nikanyanyuka na mchi wangu, naye akachukua kipande cha kile kigoda alichokivunja mchana. Majirani ndio waliotuamua. Mmoja alinikumbatia kwa nyuma, nikamng'ata mkono. Nilimwomba radhi kesho yake, akasema amezoea, ana watani Wayao.

Sasa sikiliza ajabu. Aliyeshitaki ni yeye. Kabla bega halijapoa, alishatuma habari kwao kwamba amepigwa na shemeji yake mbele ya watu, amevunjiwa heshima ugenini, anataka kikao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Upande wake wakaleta mjomba wake, mtu mnene wa kofia ya kiua. Upande wetu mwenye kauli ni mjomba wetu, kaka yake mama, kwa sababu kwetu watoto ni wa mjomba kabla hawajawa wa baba. Mjomba alikuwa kalala Newala, amevunjika nyonga, hawezi kusafiri. Ikakubaliwa atakuwamo kwa simu yangu. Wa katikati alikuwa mzee mmoja wa msikitini, mpole, msuluhishi wa ndoa zote za kijiji kile.

Neno la kuamuliwa lilikuwa moja: mdogo wangu aendelee kukaa na yule mtu au mtu yule aondoke. Kwangu halikuwa la kujadili. Niliona picha ya zile mbavu, nikajua kikao kikimrudisha kwake, kikao kinachofuata kitakuwa cha matanga.

Ushahidi nilikuwa nao. Simu yangu hurekodi kila maongezi, niliiachia hivyo kwa sababu wateja wangu huagiza kitu kwa mdomo kisha wakakikana. Maongezi yale niliyahamishia kwenye kompyuta, maana simu siku ya kikao ingekuwa na mjomba ndani yake. Tatizo lilikuwa mama. Angekaa pale pale sebuleni kwake, kwenye mkeka, kwa sababu kikao cha binti hakikai bila mama. Na ndani ya rekodi ile mlikuwa na matusi ya nguoni aliyotukanwa yeye, kwa sauti ya mkwewe. Nilipomnong'oneza mzee wa msikitini habari hiyo, alishika kichwa.

"Hayo hayatasikika humu ndani," akasema. "Yakisikika, hapana kikao tena hapo. Kila ntu asikilize peke yake, kwa hilo lidude lako la masikioni."

Ndivyo wazee wakavishana hedfoni. Yule bwana alikuwa bado nje barazani, kwa desturi, akisubiri kuitwa. Mama alikaa kona akiwa ameelekea ukutani, khanga imemfunika mpaka puani. Mdogo wangu alikaa nyuma yake, ameegemea upande usiovunjika.

Nilianza na mjomba. Kumsikilizisha mtu wa Newala rekodi iliyo kwenye kompyuta iliyoko sebuleni kwetu, bila waliopo kusikia, kulitaka ufundi, na nilikuwa nimeufanyia mazoezi chumbani kwangu. Pini ya kijani niliichomeka kwenye kompyuta. Ya pinki niliiunga na kile kiwaya kifupi nikaichomeka kwenye simu. Kisha niliukunja mkono wa maiki nikauingiza ndani ya kikombe cha sikio, nikavibana vikombe viwili pamoja kwa viganja. Masikio yalikuwa ya kompyuta na mdomo ulikuwa wa simu. Tukakaa tukitazama mikono yangu iliyobana kitu kile kama mtu aliyekamata ndege. Nilikuwa nahisi kila pigo likitikisika hafifu kwenye viganja. Rekodi ilipoisha nikachomoa kiwaya kwenye simu, nikawasha spika ya nje, sauti ya mjomba ikajaa sebuleni.

"Nimesikia," akasema. Akapumua. "Wasikie na wengine."

Akafuata mzee wa msikitini. Kofia yake ilizuia hedfoni, akaivua akaipakata. Mimi nilimtazama uso, sikuwa na kitu kingine cha kutazama. Midomo yake ikaanza kusoma dua kimya kimya. Alipofika kwenye kigoda, naijua sekunde yake, mabega yake yaliruka. Alipofika kwenye matusi alifumba macho, akavua hedfoni kabla ya mwisho akaiweka chini. Nikaichukua, nikamvisha mjomba wa yule bwana. Huyu aliisikiliza yote bila kupepesa, mikono tumboni, jasho likimshuka shingoni. Alipomaliza alifuta vikombe vya masikio kwa kanzu yake akanirudishia kwa mikono miwili.

Nilidhani tumeshinda. Moyo wangu ulikuwa mwepesi kabisa.

Mjomba wa yule bwana akakohoa akasema kijana amekosa, hakatai, lakini nke na nume ni vikombe kabatini, haviachi kugongana. Mzee wa msikitini akasema talaka inatikisa arshi ya Mungu, na mtoto bado mdogo. Nikageukia simu. Mjomba wangu, damu ya mama yangu, ndiye nilikuwa namtegemea.

"Kijana ataleta jogoo," mjomba akasema kutoka Newala, "ataomba radhi kwa dada yangu, kwa mlango wa nyuma. Hayo matusi nyie mliyoyasikia myameze, yasitoke humo. Ntoto ataendelea kumpikia nume wake. Na wewe mwenye mchi utapiga magoti umwombe radhi shemeji yako. Nwanamke hampigi nkwe wa nyumba."

"Jogoo?" nikasema. "Mjomba, mbavu mbili!"

"Mbavu huunga," akasema. "Hata mie nyonga yangu inaunga."

Ningeitupa ile simu kisimani kama kingekuwa karibu. Nililia kwa hasira mbele yao, machozi na makamasi, nikawauliza wamesikiliza kwa masikio ya nani. Mzee akaniambia, mwanangu, mcheza kwao hutunzwa, sijui mpaka leo alikuwa na maana gani, nadhani naye alikuwa anatafuta la kusema. Hakuna aliyemuuliza mdogo wangu neno.

Yule bwana akaitwa ndani. Akaingia kwa kuinama, akakaa mbali na kona ya mama kama inavyotakiwa, mkono kautundika shingoni kwa kitambaa ili bega lake lionekane. Akasomewa hukumu. Niliona mdomo wake ukijizuia kucheka. Mjomba wake naye aliona, na nadhani kilimchoma, maana alisema, "Kabla hujashukuru, nawe uvae. Usikie tulichosikia sie, ujue tumekusitiri kiasi gani."

Nikamvisha mimi mwenyewe, nikaibana mpaka masikio yakakunjika. Pini ya kijani ilikuwa palepale kwenye kompyuta. Nikabonyeza, nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Mwanzoni alitabasamu. Kisha akasikia kofi lake. Wapigaji hawajui mapigo yao yanavyosikika upande wa pili, yeye alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, na akatazama mikono yake. Nilidhani atalia. Badala yake aliinua macho akaniona namtazama, na mdogo wangu naye anamtazama, na uso wake ukabadilika ukawa ule ambao mdogo wangu aliujua na sisi tulikuwa hatujawahi kuuona.

"Zima!" akafoka. "Zima takataka yako!"

Sikuzima. Basi akafanya ambalo mtu asiyejua hivi vitu hulifanya: alidhani sauti inakaa kwenye waya. Akaushika waya kwa mkono ule ule aliokuwa ameutundika shingoni, akauvuta kwa nguvu zake zote, pini ikachomoka kwenye kompyuta.

Kompyuta ikapaaza sauti. Nyumba nzima ikajaa yeye. Teke, teke, pumzi ya mdogo wangu, kigoda. Akaupiga ngumi ule ubao wa herufi, sauti ikaendelea. Akaugonga mfuniko, kioo kikapasuka kona, sauti ikaendelea. Mjomba wake alikuwa anapiga kelele, "Uzime, mama, uzime!" akiniambia mimi, nami nilikuwa nimekunja mikono. Na yakafuata matusi. Yakatoka moja moja, wazi, kwa sauti ya kutulia, viungo vya mama yangu vikatajwa sebuleni kwake, mbele ya mkwewe, mbele ya mjomba wa mkwewe, mbele ya mzee wa msikitini, na kaka yake akisikiliza kwenye simu.

Rekodi ikaisha. Mama akageuka kutoka ukutani.

Alijifunua khanga ya kichwani, akaiacha ianguke. Mvi zake zikawa nje. Akamtazama mkwewe machoni, mara ya kwanza tangu aolewe binti yake, akasimama wima, na mikono yake miwili ikaenda kwenye fundo la khanga ya kiunoni.

"Umevitaja vyote," akasema kwa sauti ndogo. "Basi vitazame."

Mama akimfungulia mtu nguo kwa hasira, kwetu hiyo ni laana isiyo na dawa, haina jogoo wala ng'ombe. Fundo lilikuwa halijafunguka hata nusu. Mzee wa msikitini aliruka kutoka alipokaa kama kijana, akipiga astaghfirullahi, mikono machoni. Yule bwana alirudi nyuma akakanyaga kofia ya mzee, akajikwaa, akatambaa. Mjomba wake alimfikia mlangoni, na hapo hapo, mlango ukiwa umewabana wote watatu, akamshindilia makofi ya kichwa, pande zote mbili, bila kuhesabu, huku akilia. Walitokea nje kama magunia yaliyosukumwa. Viatu vyao vyote vilibaki mlangoni.

"Kuna nini huko?" mjomba akauliza kwenye simu. "Nyoka?"

Nikamwambia.

"Atoke," akasema. "Leo, jua hili hili. Hana nke hapo. Akilala humo kijijini usiku huu, msiniite mjomba tena."

Jua lilikuwa halijafika kwenye vilele vya mikorosho yule bwana alipopita njiani na begi lake, uso umevimba, peku. Vijana wa kijiji walimsindikiza kwa madonge ya udongo, na mjomba wake alitembea mbele peke yake bila kugeuka. Nilisimama uani nikiwatazama mpaka walipopotea, na nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Nilitaka kumkumbatia mdogo wangu nikakumbuka mbavu. Nikamshika mkono tu, nikamwambia yameisha, yule harudi, umepona.

Alikuwa anatazama viatu vilivyojipanga ovyo mlangoni.

"Wamenisikia mmoja mmoja," akasema. "Wakavaa, wakavua, wakasema jogoo. Mama kagusa fundo tu, wamekimbia bila viatu." Akavuta pumzi fupi, ile ambayo ubavu wake ulimruhusu. "Ningejua, dada, ningemwomba antukane mama mbele yao siku ya harusi."

Mama alikuwa nyuma yetu, akilifunga upya fundo lake. Alisikia, akalikaza.